Charles Babbage: mtu aliyetaka mashine ichapishe majedwali bila mkono wa karani

Huko Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, orodha ni kazi ya kila siku: majina ya wakimbizi wa ndani, watoto waliochanjwa, wanafunzi wa mtihani wa serikali. Nyingi huanzia kwenye daftari, zikanakiliwa, kisha zikaandikwa upya mjini. Kila zinaponakiliwa, jina laweza kurukwa, na mwenye jina akarudi nyumbani bila unga. Leo anayejua programu huandika maagizo mafupi, kompyuta ikapanga majina na hesabu katika safu zilizonyooka na kuyaweka kwenye faili, tayari kuchapishwa. Wazo hilo lina miaka mia mbili, na aliyelihangaikia maisha yake yote ni Mwingereza Charles Babbage.

Alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791, mtoto wa mwenye benki, akasoma hesabu Cambridge. Wakati huo mabaharia na wahandisi walitegemea vitabu vya majedwali yaliyokokotolewa kwa kalamu, yakanakiliwa, kisha mchapaji akayapanga tarakimu moja moja. Kosa liliweza kuingia kila hatua, na nahodha aliyelifuata angeweza kupoteza merikebu na watu wake. Mwaka 1821, Babbage na rafiki yake John Herschel walikagua majedwali ya nyota, wakakuta makosa mengi mno. Babbage akaona kazi hiyo ifanywe na mashine.

Tena aliona jambo ambalo wengi hawakulijali: kukokotoa peke yake hakutoshi. Jibu sahihi likipita tena kwa karani na mchapaji, makosa yanarudi. Basi mashine ilipaswa kuchapisha yenyewe.

Serikali ya Uingereza ilianza kumpa fedha mwaka 1823. Mwaka 1827 alifiwa na baba, mkewe Georgiana na watoto wawili, lakini mwaka huohuo alitoa kitabu cha majedwali ya logarithimu. Baadaye alichapisha kurasa za majedwali kwa karatasi na wino wa rangi mbalimbali, ajue zipi hazichoshi macho. Mwaka 1833 kazi ya mashine ilisimama baada ya ugomvi na fundi wake, Joseph Clement. Serikali ilipojitoa mwaka 1842 ilikuwa imetumia pauni kama 17,000 bila kupata mashine kamili. Babbage mwenyewe hakuwa mtu mwepesi. Aligombana hata na wapiga muziki wa barabarani.

Hakuacha. Tangu 1834 alikuwa akibuni mashine kubwa zaidi, ya kupokea maagizo kwa kadi zenye matundu, kama zile za mitambo ya kufuma vitambaa. Ada Lovelace aliieleza kwa maandishi mwaka 1843.

Kati ya 1847 na 1849 alichora nyingine, na kichapishi chake ndicho kinachoshangaza hadi leo. Mtumiaji aliweza kuchagua idadi ya safu, nafasi kati ya mistari, upana wa pambizo, na mahali pa kuacha mstari mtupu. Matokeo yangetoka mara mbili kwa pamoja: kwa wino kwenye karatasi, ili yakaguliwe, na kwa alama kwenye plasta laini, kalibu ya kutengenezea bamba la kuchapishia vitabu.

Waswidi Georg Scheutz na mwanawe Edvard walimtangulia kukamilisha mashine ya namna hiyo, mwaka 1853. Babbage, aliyezoea ugomvi, safari hii aliwaunga mkono.

Alifariki London tarehe 18 Oktoba 1871, bila kuona mashine yake yoyote kubwa imekamilika. Makumbusho ya Sayansi ya London yaliijenga ile ya pili kwa kufuata michoro yake: sehemu ya kukokotoa mwaka 1991, kichapishi mwaka 2002. Ina vipande kama 8,000 na uzito wa tani 5. Huzungushwa kwa mkono, nayo huchapisha safu zake zikiwa zimenyooka.