Bruce McLaren: Fundi aliyeendesha magari aliyoyajenga mwenyewe

Jina McLaren leo limeandikwa kwenye magari ya bei kubwa na kwenye timu ya mbio za langalanga, yaani Formula 1. Wengi wanaolisikia hudhani ni jina la kampuni tu. Lakini lilikuwa jina la mtu: mtoto wa mwenye gereji huko New Zealand, aliyetembea kwa kuchechemea, na aliyefariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 32, ndani ya gari lililojengwa na kampuni yake mwenyewe.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake. Pia tunaeleza jambo ambalo lilibadilisha mbio za magari katika wakati wake: kwa nini mafundi waliitoa injini mbele ya dereva na kuiweka nyuma ya mgongo wake.

Miaka miwili kitandani

Bruce Leslie McLaren alizaliwa Agosti 30, 1937, katika mji wa Auckland. Wazazi wake, Les na Ruth, walikuwa na gereji na kituo cha mafuta katika mtaa wa Remuera. Mtoto alikua akisikia milio ya injini na kunusa oili.

Alipokuwa na miaka 9 alianza kuchechemea. Madaktari waligundua ana ugonjwa wa nyonga uitwao Perthes. Katika ugonjwa huu, damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa hudhoofika na kupoteza umbo lake. Huwapata watoto wadogo, wavulana zaidi kuliko wasichana. Ndiyo maana mtoto anayechechemea kwa siku nyingi bila kuumia popote hafai kuachwa nyumbani. Apelekwe hospitali apimwe.

Bruce alilazwa karibu miaka miwili katika makao ya watoto wagonjwa, na ilihofiwa kwamba huenda asitembee tena sawasawa. Alitembea, lakini mguu wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea maisha yake yote.

Gari lililokuja vipande vipande

Baba yake alinunua gari dogo la zamani, Austin 7 aina ya Ulster, likiwa limefunguliwa vipande. Nia yake ilikuwa kulitengeneza na kuliuza apate faida. Bruce alimsihi asiliuze, na baba na mwana wakaanza kulijenga upya pamoja. Inasimuliwa kwamba kijana alijifunza kulikata kona akizunguka miti ya matunda nyuma ya nyumba yao.

Mwaka 1952, akiwa bado kijana wa shule, aliingia nalo kwenye mashindano ya kupanda mlima huko Muriwai. Hayo yalikuwa mashindano ya ridhaa: hakuna mshahara, kila mtu anakuja na gari lake, na likiharibika analitengeneza mwenyewe. Baadaye alisomea uhandisi katika chuo kikuu cha Auckland, huku akiendelea kushindana.

Mwaka 1958 chama cha mbio cha New Zealand kilimchagua kuwa dereva wa kwanza kufadhiliwa kwenda kushindana Ulaya. Alifika Uingereza na kujiunga na kampuni ndogo ya Cooper.

Kwa nini injini iwe katikati?

Hapa tusimame kidogo tueleze, maana ndipo ilipo siri ya magari ya Cooper.

Charles Cooper na mwanawe John walikuwa na gereji huko Surbiton, karibu na London. Mwaka 1946, baada ya vita, fedha ilikuwa haba, nao wakajenga gari dogo la mbio kwa injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 500. Injini ya pikipiki huzungusha gurudumu kwa cheni. Njia rahisi ilikuwa kuifunga nyuma ya kiti cha dereva, karibu na magurudumu ya nyuma ambayo ndiyo inayoyasukuma. Hawakuanza na hesabu kubwa. Walianza na vitu walivyokuwa navyo.

Faida zake zilionekana kwenye kona. Mfikirie mtu anayebeba maji kwa mzega. Madebe yakiwa kwenye ncha mbili za mti mrefu, kugeuka ni kazi, na akishaanza kugeuka, kusimama ni kazi nyingine. Madebe yakisogezwa karibu na mwili, anageuka upesi. Gari nalo ni hivyo hivyo. Injini ni kitu kizito. Ikikaa mbele kabisa, pua ya gari inachelewa kugeuka. Ikikaa kati ya mgongo wa dereva na ekseli ya nyuma, uzito unakuwa katikati na gari linaitika haraka.

Faida ya pili ni mshiko. Anayeendesha pikapu tupu kwenye barabara ya tope anajua jinsi mkia unavyoteleza, kwa sababu injini iko mbele na nyuma hakuna uzito. Akipakia magunia machache, magurudumu ya nyuma yanashika. Injini ikikaa nyuma ya dereva, inafanya kazi ya magunia hayo. Hadi leo wapo mafundi wa ridhaa katika nchi za nje wanaochukua pikapu, kuitoa injini mbele na kuifunga pale pa kubebea mzigo, kisha wanaikimbiza kwenye uwanja wa mbio siku za mapumziko.

Faida ya tatu ni kwamba shafti ndefu haipiti tena chini ya dereva. Anakaa chini zaidi, gari linakuwa fupi kwa kimo na upepo haulizuii sana.

Hasara nazo zipo. Nafasi ya abiria au mzigo inapungua, joto linamkaa dereva mgongoni, na gari likishapoteza mshiko linazunguka ghafla kuliko lile la injini ya mbele.

Mwanzoni wengi waliyadharau magari ya Cooper. Januari 1958, Stirling Moss alishinda mbio za Argentina kwa Cooper, na hapo dharau ikaanza kupungua. Kufikia 1961 hata Ferrari ilikuwa imeihamisha injini nyuma ya dereva.

Ushindi wa Sebring

Desemba 12, 1959, mbio za mwisho za msimu zilifanyika Sebring, Marekani. Aliyeongoza alikuwa Jack Brabham wa Australia, dereva mwenzake McLaren katika Cooper. Kwenye mzunguko wa mwisho Brabham aliishiwa mafuta. McLaren, aliyekuwa nyuma yake, alimpita akashinda. Brabham alilisukuma gari kwa mikono hadi mstari wa mwisho, akamaliza wa nne na kuwa bingwa wa dunia.

McLaren alikuwa na miaka 22 na siku 104. Hakuna aliyekuwa ameshinda mbio za langalanga akiwa na umri mdogo hivyo, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, hadi Fernando Alonso alipoivunja mwaka 2003.

Kibanda chenye sakafu ya udongo

Mwaka 1963 McLaren alianzisha kampuni yake mwenyewe, huku bado akiiendeshea Cooper. Karakana ya mwanzo ilikuwa kibanda chenye sakafu ya udongo huko New Malden, London, walichotumia pamoja na greda la kutengenezea barabara.

Mapema 1964 msiba uliwafika. Timmy Mayer, kijana Mmarekani aliyekuwa dereva wa timu, alifariki katika ajali kwenye mazoezi huko Longford, Tasmania. Kaka yake, Teddy, hakuondoka. Alibaki akawa mshirika wa McLaren katika kuendesha kampuni.

Mwaka huo walinunua gari la mtu mwingine, wakalikata, wakalitengenezea fremu mpya ya katikati na kufunga nyuma ya dereva injini ya Oldsmobile yenye silinda 8. Baada ya hapo wakajenga gari lao la kwanza, M1A.

McLaren alikuwa na jicho la fundi. Inasimuliwa kwamba siku moja ya majaribio aliona kifuniko kidogo kwenye boneti kikipigapiga juu kila alipoongeza mwendo, wakati alitarajia upepo ukikandamize. Alisimama, akachukua mkasi wa bati, akakata tundu nyuma ya rejeta ili hewa ipate njia ya kutokea. Gari likawa na kasi zaidi.

Mwaka 1966 yeye na Chris Amon, naye wa New Zealand, walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la Ford lenye injini ya lita 7 nyuma ya dereva. Mwaka 1968 alishinda mbio za Ubelgiji kwa gari lenye jina lake mwenyewe, jambo ambalo madereva wachache sana wamelifanya. Huko Amerika Kaskazini, kwenye mashindano ya Can-Am, alikuwa bingwa 1967 na 1969. Mwaka 1969 timu yake ilishinda mbio zote 11.

Goodwood, Juni 2, 1970

Jumanne hiyo McLaren alikuwa kwenye uwanja wa Goodwood, kusini mwa Uingereza, akijaribu gari jipya la Can-Am, M8D. Akiwa kwenye mwendo mkali, sehemu ya nyuma ya bodi ilichomoka. Katika magari ya namna hii, bodi hutumia upepo kuyakandamiza magurudumu chini. Ilipotoka, nyuma ya gari ilikosa mshiko, gari likazunguka na kugonga kituo cha waangalizi wa mbio. McLaren alifariki papo hapo, akiacha mjane, Patty, na binti mdogo.

Mwenzake Denny Hulme alikuwa na majeraha ya moto mikononi kutokana na ajali ya mwezi uliotangulia. Timu ingeweza kufunga karakana. Badala yake, Juni 14 ilikuwa uwanjani Mosport, Kanada. Dan Gurney alilishindia gari la McLaren, na Hulme aliendesha mikono ikiwa haijapona. Kufikia mwisho wa msimu timu ilikuwa imeshinda mbio 9 kati ya 10, na Hulme akawa bingwa.

Mwaka 1974 kampuni ilipata ubingwa wake wa kwanza wa langalanga, dereva akiwa Emerson Fittipaldi wa Brazil. Lile gari dogo la Austin, ambalo baba alitaka kuliuza, bado limehifadhiwa na kampuni hiyo nchini Uingereza.