SATCHEL PAIGE: MRUSHAJI ALIYEFUNGULIWA MLANGO AKIWA NA MIAKA 42

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongee michezo, ingawa mkifika mwisho mtaona hata huku siasa imo.

Wamarekani wana ubishi wao usioisha, kama sisi na Simba na Yanga, au ule wa Pele na Maradona nani zaidi. Wao wanabishania besiboli. Timu ipi ilikuwa kali kuliko zote, na mrushaji yupi hajatokea mfano wake? Kwenye timu, wengi watakutajia New York Yankees ya 1927 iliyoshinda mechi 110 kwa msimu mmoja. Kwenye warushaji utasikia Cy Young mwenye ushindi 511, Walter Johnson wa Washington mwenye 417, Christy Mathewson mwenye 373, Lefty Grove mwenye 300.

Kwenye orodha hiyo humuoni Leroy Paige, maarufu kwa jina la Satchel. Kwa miaka mingi vitabu vya Ligi Kuu vilimwandikia ushindi 28 tu, na mechi 31 za kupoteza. Ishirini na nane mbele ya mia tano na kumi na moja! Lakini waliocheza naye na waliocheza dhidi yake, tena wengi wao wazungu wenye majina makubwa, wamemweka meza moja na hao wakubwa. Sasa inakuwaje?

Kwa wale wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Mrushaji ndiye anayetupa mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake umbali wa mita 18 hivi. Yule anayeanza mechi ndiye mhimili wa timu siku hiyo. Timu ikishinda, ushindi huandikwa kwa jina la mrushaji, ikipoteza vilevile. Ndiyo maana ubishi wa warushaji unakwenda kwa hesabu. Na tatizo la Paige liko hapohapo kwenye hesabu.

MTOTO WA MOBILE

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, kwenye familia ya kimaskini yenye watoto wengi. Baba alikuwa akifanya kazi za bustani, mama akifua nguo za watu. Leroy mdogo alikuwa akibeba mizigo ya abiria stesheni ya treni ili apate senti mbili tatu, na jina la Satchel, maana yake begi, linasemekana lilitokea huko. Wapo wanaosema alipewa kwa sababu alijaribu kuondoka na begi la mtu. Yeye mwenyewe alibadilisha hadithi kulingana na msikilizaji, na hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake maisha yote.

Mwaka 1918, akiwa na miaka 12, alikamatwa kwa wizi mdogo wa dukani na utoro wa shule. Akapelekwa shule ya kurekebisha tabia ya watoto weusi iliyokuwa Mount Meigs, akakaa zaidi ya miaka mitano. Ni adhabu nzito kwa kosa la kitoto, lakini huko ndiko alikokutana na mwalimu aliyemfundisha kurusha mpira kisawasawa: kunyanyua mguu juu mpaka mpigaji asione kinachokuja, kisha kuachia mkono dakika ya mwisho. Alitoka mwishoni mwa 1923, kijana mrefu mwembamba, miguu kama ya korongo, mkono kama kombeo.

LIGI MBILI, NCHI MOJA

Hapa ndipo wadau mnatakiwa muelewe mambo. Tangu miaka ya mwisho ya 1880 wenye timu kubwa za Marekani walikuwa na makubaliano ya kimyakimya kwamba mweusi hachezi kwao. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini mlango ulifungwa kweli kweli. Weusi wakaanzisha ligi zao. Paige alipita Chattanooga mwaka 1926, Birmingham mwaka 1927, halafu miaka ya mwanzo ya 1930 akatua Pittsburgh Crawfords, timu ya tajiri mmoja aliyeitwa Gus Greenlee.

Jamani, hiyo Crawfords! Msimu wa 1933 na wa 1934 ilikuwa na Paige kwenye kurusha, Josh Gibson kwenye kudaka na kupiga, Cool Papa Bell mwenye mbio za ajabu, Oscar Charleston na Judy Johnson. Watu watano wa kikosi kimoja, na wote watano baadaye wakaingizwa kwenye jumba la magwiji la Cooperstown. Sasa mtu akikwambia Yankees ya 1927 ndiyo timu kali kuliko zote, muulize kwa upole: iliwahi kucheza na Crawfords kwenye ligi moja? Haikuwahi. Hata kombe lao walilolibatiza jina la dunia lilikuwa la wazungu watupu.

Walichokutana nacho weusi na wazungu ni mechi za kirafiki baada ya msimu, mji hadi mji, watu wakilipa kiingilio. Mwaka 1934 Dizzy Dean alishinda mechi 30 kwa St. Louis Cardinals, akabeba na ubingwa. Msimu ulipoisha akakutana na Paige kwenye mechi hizo. Baadaye Dean, mzungu wa Kusini kabisa, alikuwa akiwaambia watu waziwazi kwamba mrushaji bora aliyewahi kumuona ni Paige. Joe DiMaggio naye alisema kitu kama hicho.

MKONO UNAKUFA, MKONO UNAFUFUKA

Tusimpambe mzee, maana alikuwa na mapungufu yake. Mikataba kwake ilikuwa karatasi tu. Mwaka 1937 alitoroka Pittsburgh akaenda Dominika kuchezea timu iliyobeba jina la dikteta Trujillo, akachukua na wenzake kibao, Gibson na Bell wakiwemo. Walibeba ubingwa, ingawa wachezaji walisimulia baadaye kwamba askari wenye bunduki waliwazunguka na hawakujua wakipoteza itakuwaje. Crawfords iliyoachwa nyuma haikupona. Kwa hiyo timu ile kali iliuawa na ubaguzi, lakini na nyota wake naye alishika panga.

Mwaka uliofuata, 1938, akiwa Mexico, mkono ukagoma. Maumivu mpaka hawezi kuunyanyua. Daktari akamwambia imetosha, kurusha basi. Alikuwa na miaka 32, akiba hana, maana pesa kwake ilikuwa kama maji kwenye pakacha.

Aliyemwokoa ni J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, mzungu aliyeendesha timu ya weusi na kuheshimika nao. Alimweka kwenye kikosi cha pili kilichokuwa kinazunguka vijijini, lengo likiwa watu waje kuliona jina tu. Paige alikuwa akirusha mipira laini isiyo na madhara. Halafu, bila mtu kueleza vizuri ilikuwaje, mwaka 1939 mkono ukarudi. Na safari hii alirudi na akili zaidi: ile kasi ya ujana ilipopungua aliongeza hila, pamoja na ule mtindo wake wa kusita katikati ya kurusha mpaka mpigaji anapiga hewa.

Mwaka 1942 Monarchs waliifunga Homestead Grays ya Josh Gibson mechi nne kwa sifuri kwenye fainali ya Ligi za Weusi, na Paige alirusha kwenye zote nne. Mechi ya mwisho ilikuwa Philadelphia. Alipaswa kuanza, lakini mchezo ulianza yeye hayupo kwa sababu polisi walimsimamisha njiani kwa mwendo kasi! Alifika timu yake ikiwa nyuma, akaingia, na tangu hapo hakuna mpigaji wa Grays aliyefanikiwa kumpiga. Ndiyo Paige huyo, anakukera na kukuokoa siku hiyohiyo.

MLANGO UNAFUNGULIWA

Mwaka 1947 mlango ulifunguliwa. Lakini aliyepitishwa kwanza hakuwa yeye, alikuwa Jackie Robinson, kijana aliyecheza naye Monarchs mwaka 1945. Paige aliumia. Miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa sura ya mpira wa weusi, yeye ndiye aliyewaonyesha wazungu kwamba mweusi anaweza, halafu ikafika siku yenyewe akaonekana mzee. Hadharani alimsifia Robinson, lakini baadaye alikiri kwamba jambo lile lilimchoma.

Zamu yake ilifika tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42. Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland, alimsainisha. Mhariri wa gazeti kubwa la besiboli akaandika kwamba ni kichekesho cha kutafuta watazamaji. Watazamaji kweli walikuja: zaidi ya elfu 72 kwenye mechi yake ya kwanza kuanza, tarehe 3 Agosti. Tarehe 20 Agosti wakaja 78,382, na mzee akamaliza mechi yote bila kuruhusu hata pointi moja.

Alimaliza msimu na ushindi 6 na kupoteza 1. Msione sita ni ndogo. Cleveland na Boston Red Sox walilingana kileleni mpaka ikabidi wacheze mechi moja ya kuamua. Ukiondoa hata ushindi mmoja wa Paige, hiyo mechi ya kuamua haipo. Cleveland ikashinda, ikachukua ubingwa wa 1948, na Paige akawa mrushaji mweusi wa kwanza kusimama kwenye fainali hizo. Kichekesho gani hicho?

Baadaye aliichezea St. Louis Browns kuanzia 1951 hadi 1953, akachaguliwa mara mbili kwenye kikosi cha nyota wote. Na tarehe 25 Septemba 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City Athletics walimwita kwa mechi moja. Walimwekea na kiti cha kubembea pembeni ili watu wacheke. Alirusha zamu tatu dhidi ya Boston, akapigwa mara moja tu, pointi sifuri. Fikirieni, Walter Johnson yule wa ushindi 417 alifariki akiwa na umri huohuo wa miaka 59.

HESABU

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Nawapa mfano mmoja. Bob Feller wa Cleveland, mrushaji hatari sana, ana ushindi 266. Kila anayemjadili anaongeza kwamba alipoteza karibu misimu minne jeshini wakati wa Vita vya Pili, bila hivyo angevuka 300. Sawa, ni haki yake, tena alikwenda kwa hiari. Lakini Paige alipoteza misimu zaidi ya ishirini, tangu 1926 hadi 1948, na hakuikosa kwa hiari. Mbona kwake watu wanasoma ile 28 na kufunga kitabu? Ile 28 ni hesabu ya mzee. Hesabu ya kijana iko wapi?

Nyingine imepatikana. Desemba 2020 Ligi Kuu ilitangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo ni ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Ushindi wa Paige ukavuka 100, na Josh Gibson akampita Ty Cobb kwenye wastani wa kupiga wa maisha yote. Lakini zinahesabiwa tu mechi za ligi zenye kumbukumbu. Zile mamia za kuzunguka vijijini, ambako ndiko alikokula mkate wake, hazimo. Paige mwenyewe alidai ameshinda mechi kama elfu mbili, na kwa jinsi alivyopenda chumvi hatuwezi kuichukua hiyo kama hesabu. Ila mtu ambaye hakuandikiwa rekodi, unategemea afanye nini zaidi ya kujiandikia kwa mdomo?

Kwa mtazamo wangu, huwezi kusema Paige alimzidi Johnson. Na huwezi kusema Johnson alimzidi Paige. Waliofunga mlango ndio waliotunyima jibu, na takwimu za 2024, pamoja na uzuri wake, haziwezi kuchezesha mechi ambazo hazikuchezwa.

Mwaka 1968 Atlanta Braves walimpa mkataba ili atimize siku zilizobaki apate pensheni, maana miaka yake yote ya Ligi za Weusi haikuhesabiwa. Mwaka 1971 Cooperstown walimchagua, na mwanzoni wakapanga kuwaweka magwiji wa Ligi za Weusi sehemu yao ya pembeni. Ubaguzi mpaka ukutani! Watu wakapiga kelele, ikabidi aingizwe kama wengine wote.

Mapema Juni 1982, akiwa mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, alihudhuria sherehe ya kuupa uwanja mmoja wa Kansas City jina lake. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Juni, akafariki.

Naomba kuwasilisha wadau. Mnaomjua mchezaji wa kwetu ambaye rekodi zake hazikuandikwa, mtajeni hapo chini, tusije tukasubiri miaka mia.