Ibn Khaldun na Elimu ya Jamii

Wako wazee wetu wachukiao kijana wao kwenda Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kusoma elimu ya jamii, wakidhani ni elimu ya kigeni. Twawakumbusha Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Tauni ikawaua wazazi wake angali kijana. Alitumikia wafalme, akafungwa gerezani, kisha akajitenga ngomeni huko Aljeria. Mwaka 1377 akamaliza Mukaddima, akieleza jinsi dola isimamavyo kwa mshikamano na kuanguka kwa anasa. Mwaka 1384 jamaa zake walizama baharini; hakuacha kusomesha. Alifariki Misri mwaka 1406, naye ni kadhi. Basi, elimu hii ina ugeni gani kwetu?