Hunayn bin Is-haq, Mfasiri wa Tiba

Akohoapo mtu twasema ana balghamu, na wengi wetu twadhani asili ya neno hili ni Kiarabu. Sivyo, ni la Kiyunani, flegma, na Waarabu walilipokea bila ya haya.

Bingwa wa kuifasiri tiba ya Kiyunani alikuwa Hunayn bin Is-haq, Mkristo wa Nasturi, aliyezaliwa Hira, Iraq, mwaka 194 Hijria (809), babake akiuza dawa. Alisoma Baghdad kwa Yuhanna bin Masawayh, akauliza maswali mengi hata mwalimu akamfukuza. (Walimu wa namna hiyo nasi tunao.) Akaenda zake akajifunza Kiyunani, akarudi mjuzi. Hakupenda kufasiri kitabu ila baada ya kukusanya nakala kadhaa na kuzilinganisha. Kwa kutafuta kitabu kimoja cha tabibu Jalinusi alizunguka Iraq, Sham na Misri hata Iskandaria. Akapata nusu yake tu, Damascus. Utando wa jicho ambao Wayunani waliufananisha na wavu, yeye aliuita shabakiya, kwa shabaka, nao ni wavu kwa Kiarabu.

Khalifa Mutawakkil, aliyekomesha mateso ya wanazuoni wa Sunna, alimfanya tabibu wake mkuu. Wanaoharimisha elimu ya wasiokuwa Waislamu na watwambie Khalifa huyu alikosea wapi. Hunayn alifariki mwaka 260 Hijria (873), akaacha orodha ya vitabu 129 vya Jalinusi.