Steere: Askofu aliyekipa Kiswahili kitabu cha mwongozo

UKIUFUATA Mto Tana kutoka Garsen hadi unapoingia baharini Kipini, utasikia habari za Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye mapokeo yanasema alizikwa Ozi. Ni wachache wajuao kwamba kisa chake kilichapishwa kitabuni mwaka 1870, na kwamba aliyekichapisha alikisikia Unguja, wala si katika delta ya Tana. Mtu huyo alikuwa Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika University College London, lakini akaiacha kazi ya uwakili na kuwa kasisi wa kanisa la Anglikana. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, katika misheni iliyoungwa mkono na vyuo vikuu vya Uingereza hadi bonde la Mto Shire. Maradhi na njaa viliwashinda huko, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Sultan Majid akawakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa.

Shida ya kwanza ikawa lugha. Kwa muda mrefu Waswahili walikuwa wakiandika tenzi na barua kwa herufi za Kiarabu, na Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kutoa sarufi mwaka 1850 akitegemea Kimvita cha Mombasa. Lakini Kiunguja hakikuwa na kitabu cha kumwongoza mgeni. Steere akaanza kuwauliza wenyeji na masheikh, akiandika na kusahihisha.

Hakungoja kazi ikamilike. Mwaka 1865 alichapa Unguja mikusanyo yake ya awali ya sarufi na msamiati, ipate kutumika na makosa yaonekane mapema. Kazi ya kuchapa aliifahamu mwenyewe, na misheni ilikuwa na mtambo wake. Vijana waliookolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi.

Kazi hiyo ilihitaji subira. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi chenye umbo la kinyume, kikapangwa kimoja kimoja hadi mstari ukatimia. Kichwa cha sura, mfano na orodha ya maneno vilipaswa kuonekana kwa namna ile ile katika kila ukurasa, ili msomaji ajue pa kutafuta. Siku hizi anayeandika mwongozo wa programu ya kompyuta hutia alama fupi kuonyesha kwamba hili ni jina la amri, hiki ni kichwa, huu ni mfano, na programu ya kupanga maandishi humtengenezea ukurasa. Katika chumba cha chapa cha Unguja, kazi yote hiyo ilifanywa kwa vidole.

Steere alirejea Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili vilivyomjengea jina. Cha kwanza kilikuwa mwongozo wa lugha ya Kiswahili. Mpangilio wake ulikuwa wa manufaa: maelezo ya nomino yalifuatwa na orodha ya nomino, ya vivumishi na orodha ya vivumishi, hivyo mwenye haraka hakupotea. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi za Unguja, na humo ndimo kilimotiwa kisa cha Liyongo.

Alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata soko la watumwa likafungwa, na msingi wa kanisa kuu ukawekwa Mkunazini palepale lilipokuwa. Alifanywa askofu mwaka 1874, akaanzisha makao ya watumwa waliokombolewa huko Masasi mwaka 1876, na akalitafsiri Agano Jipya. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882 akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Mwongozo wake uliendelea kuchapishwa miongo mingi baadaye. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifisha, Kiunguja kilikuwa tayari kimeenea bara kwa misafara ya biashara, na kilikuwa na vitabu. Kimvita na Kiamu, lahaja zenye hazina kongwe ya ushairi, zikaachwa kando. Wajuzi wa Mombasa na Lamu walinung'unika, na kwa haki, kwa kuwa maneno mengi ya washairi wao yaligeuka mageni shuleni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, maagizo yake kwenye kompyuta yaliandikwa kwa Kiswahili sanifu, mjukuu wa lahaja ile ile. Kipokomo nacho kilianza kuandikiwa sarufi na wamishonari Wajerumani wa Ngao, karibu na Garsen, mwishoni mwa karne ya 19, lakini hakikupata chapa wala shule za kukibeba mbali.

Vijana waliopanga herufi zile za risasi hawatajwi kwenye majalada ya vitabu. Ilhali mtoto wa Garsen anayefungua kitabu cha Kiswahili darasani hivi leo anaisoma lugha ambayo vidole vyao vilisaidia kuipa umbo.