Felipe II: Mwenye mlima wa fedha aliyezama kwenye madeni

Siku ukienda Mombasa ukapiga picha pale Fort Jesus, kumbuka jina hili: Felipe II. Ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593, enzi zake. Waliojenga ni Wareno, lakini mfalme wao wakati huo alikuwa Mhispania.

Felipe alizaliwa Valladolid mwaka 1527. Babake, Charles V, alimwachia kiti cha Uhispania mwaka 1556, na mwaka 1580 akatwaa Ureno pia. Mali yake kubwa ilikuwa Potosí, mlima uliojaa fedha huko Bolivia ya leo. Wenyeji walilazimishwa kuingia shimoni kuchimba, naye mfalme akachukua fungu moja kwa kila matano.

Fedha hiyo ilifuliwa sarafu za reale nane, kila moja kama gramu 27. Ukikutana nayo kwa makumbusho, usitafute duara safi. Zilikatwa na kugongwa kwa nyundo, kingo zimepinda. Tafuta ngao, tarakimu 8 na herufi: P ni Potosí, M yenye o ndogo juu ni Mexico. Jina Philippus lisikudanganye, maana mwanawe na mjukuu wake waliitwa hivyo hivyo. Wakusanyaji huangalia pia herufi ya ofisa aliyepima ubora wa fedha.

Neno reale lilifika hadi pwani yetu. Karne ya 19, Waswahili waliita sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili reale ya mzinga. Ukizitazama nguzo zile, kweli ni kama mizinga.

Sasa sikiza. Mtu huyu mwenye mlima wa fedha alishindwa kulipa madeni mara nne: 1557, 1560, 1575 na 1596. Alipigana na Waturuki, na Waholanzi, kisha mwaka 1588 akatuma meli kama 130 kuvamia Uingereza, akashindwa. Shehena ikitia nanga Sevilla, tayari ina wenyewe: wakopeshaji wa Genoa. Raia wa Castilla wakaongezewa kodi.

Sisi wa Karagita tunaijua hesabu hiyo. Mshahara wa shamba la maua unaingia asubuhi, kufika jioni mwenye nyumba, duka na mkopo wa simu wameshaugawana. Ila sisi tunakopa tule. Yeye alikopa apigane.

Alifariki mwaka 1598 katika jumba lake la El Escorial. Mwanawe alirithi ufalme, na deni pia.