Marehemu Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wanachama watasoma habari nyingi za mazao, maghala na fedha. Habari hizo ni za lazima. Lakini yatupasa pia kuwakumbuka watu walioitumikia nchi yetu ya Ziwa kwa kazi isiyopimwa kwa mizani. Mmoja wao ni marehemu Mzee Aniceti Kitereza.

Mzee Kitereza alizaliwa katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1896. Alikuwa mtu wa ukoo wa watawala, akalelewa karibu na baraza la Omukama, mahali ambapo mila na masimulizi ya wazee yalihifadhiwa. Kisha alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, na baadaye katika seminari ya Rubya, nchi ya Bukoba. Huko alijifunza lugha za kigeni, zikiwemo Kilatini na Kijerumani. Hakuwa padre; alirudi katika maisha ya kawaida, akamwoa Bibi Anna Katura mwaka 1919. Ndoa yao ilidumu, ila watoto waliowapata walikufa wote. Msiba huo yafaa tuukumbuke tunapokitazama kitabu chake.

Mzee Kitereza aliona kwamba vijana wa Ukerewe wakua bila kuzijua desturi za babu zao, na kwamba wazee wenye kuzijua wazidi kupungua. Kwa hiyo alikaa akaandika, na mwaka 1945 alikamilisha kitabu kinene kwa lugha ya Kikerewe. Kitabu hicho chasimulia habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, waliopendana lakini wakakosa mtoto, hata wakwe wakamchukua binti yao. Mume hakukubali kumwacha. Alitafuta pombe ya ndizi aliyotozwa na wakwe, akamrudisha mkewe, wakatafuta mganga, na mwishowe wakajaliwa mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo mna kilimo, uvuvi, dawa, ukarimu kwa wageni, malezi na mazishi, kama yalivyokuwa kabla ya Wazungu kuingia. Mkulima yeyote akisoma atayatambua mengi.

Wanachama wajua jinsi mazao yanavyoweza kulala ghalani bila mnunuzi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kazi hii. Hakupatikana mpiga chapa wa kitabu kikubwa cha lugha ya kisiwa kimoja. Miaka ilipita, mwandishi akazeeka katika hali ya umaskini na maradhi, na maandishi yake yakabaki karatasi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Gerald Hartwig, mtafiti wa historia kutoka Marekani, na mkewe Charlotte, nao wakamhimiza akitoe kwa Kiswahili. Mzee, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 70, alianza tena kazi ile, akaitafsiri yote kwa mkono wake mwenyewe.

Hatimaye kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Lakini nakala zilipofika, mwandishi alikuwa amekwisha kuiaga dunia, mwaka 1981. Hakukishika kitabu alichokingojea miaka 35 na zaidi.

Baada yake kazi hiyo ilivuka mipaka. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ilitoka kwa Kiingereza, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe. Hivi leo wenye kutaka kujua maisha ya kale ya watu wa Ziwa, hata wakiwa ng'ambo, humwendea mkulima Myombekere na mkewe.

Twaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, kumpa marehemu heshima aliyokawia kuipata. Pili, kuwakumbusha wanachama na viongozi kwamba katika kila chama cha msingi wamo wazee wenye kujua mbegu za zamani, majira ya mvua na asili ya vijiji vyetu. Wakati wa kuyaandika maarifa yao ni sasa, wangali hai. Kitereza alifanya sehemu yake peke yake, bila msaada wa kutosha. Sisi tulio wengi, tena tulio katika ushirika, hatuna udhuru.